Ziara ya Vita vya Tanga 1914: bandarini safi, kwenye nyuki wametupoteza

Haya wadau, niliahidi kutoa mrejesho wa ile ziara ya kutembea kwa miguu pale Tanga mjini, ile ya vita vya kwanza vya dunia. Jina la wanaoendesha naliacha maana nina malalamiko kidogo na sitaki kesi na mtu, ila ukifika Tanga ukauliza hotelini watakuelekeza tu.

Ziara ni nusu siku, mnaanza asubuhi bandarini, mnazunguka maeneo ya Ras Kazone, mnarudi kwenye reli, mnamalizia makaburini. Kijana anayewaongoza anajua kuongea, ana ramani ya fotokopi kaipiga laminesheni na ana kipaza sauti kinachokoroma kama redio ya zamani kwahiyo ukisimama nyuma husikii kitu, simama mbele. Mi nilisimama mbele.

Bandarini ndo pesa yangu ilipolipa kabisa. Kijana kaanza na kitu ambacho shuleni hatukufundishwa vizuri, kwamba Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zimeshaingia vitani Ulaya lakini huku kwetu, enzi hizo koloni la Wajerumani, Gavana Schnee hataki vita kabisa, anatarajia ule mkataba wa Berlin wa 1885 uliokuwa na kipengele cha makoloni ya bonde la Kongo kukaa pembeni vita ikitokea. Waingereza hawakuliangalia hilo, tarehe 8 Agosti manowari Astraea ikaenda kupiga mnara wa simu ya upepo pale Dar es Salaam. Baada ya hapo manahodha wa Kiingereza wakakubaliana na Wajerumani kwamba Dar na Tanga ziachwe, msitupige na sisi hatutapigana. Shida ni kwamba wakubwa wa jeshi la majini kule London hawakuyapitisha makubaliano hayo. Na wakati huohuo yupo Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, yeye na gavana wake hawaivi chungu kimoja, gavana anataka miji isiguswe, kamanda anataka kupigana, na tarehe 15 Agosti vijana wake wakaenda kuichukua Taveta upande wa Kenya. Sasa amani gani hiyo jamani.

Halafu akatuonyesha baharini pale ilipoingia manowari Fox tarehe 2 Novemba. Hii sehemu aliieleza vizuri mpaka wazungu wawili tuliokuwa nao wakaacha kupiga picha. Yaani Waingereza wana meli zimejaa askari kama 8,000 waliotoka India, mjini Tanga kuna Wajerumani na askari wachache tu, ungeshuka asubuhi ile unakunywa chai mjini mchana. Lakini nahodha wa Fox, Caulfeild, akaona ni ustaarabu kwanza awape taarifa kwamba yale makubaliano ya Agosti yamekufa. Akamwita mkuu wa wilaya, Auracher, akampa saa moja asalimishe mji. Yule bwana akaomba muda aulize wakubwa zake, akashuka, akapiga simu ya waya kumwambia Lettow adui kafika, akavaa magwanda yake ya akiba akajiunga na jeshi. Basi! Saa moja ikapita, Caulfeild nae badala ya kushusha watu akaanza kutafuta mabomu ya majini bandarini, kutwa nzima wanafagia bahari na hawakupata hata moja. Wanakuja kushusha watu ni usiku, tena sio mjini, kule Ras Kasone (ndo ilivyoandikwa zamani) kwenye mikoko na vichaka.

Sasa muda wote huo Lettow yuko Moshi na ana reli. Karibu kilomita 350 hadi Tanga, anapakia askari wake kwenye treni awamu kwa awamu. Kampuni za mwanzo zikawahi kusukuma shambulizi la asubuhi ya tarehe 3, mwenyewe akafika usiku wa kuamkia tarehe 4 akapanda baiskeli, ndio baiskeli, akazunguka mjini gizani mpaka kuelekea Ras Kasone kuangalia adui wamelala wapi. Kijana wetu akasema hivi huku anaonyesha barabara ile ile kwa kidole na mi nikajikuta nacheka mwenyewe, jenerali wa upande wa pili, Aitken, ana meli na mizinga na hajatuma hata mtu mmoja wa maana kwenda kuchungulia. Tena alikataa msaada wa King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, ambao ndo walikuwa wanaijua nchi.

Sasa malalamiko yangu. Tukifika kwenye mtaro wa reli, pale ambapo vita yenyewe ya tarehe 4 ilipigwa, nikategemea atueleze bunduki za rashasha zilikaa wapi, vikosi vya Waingereza vya Kashmir na Lancashire viliingiaje mpaka mjini na kwa nini vikarudishwa. Wapi! Nyuki. Nyuki mwanzo mwisho. Ni kweli nyuki walikuwepo, mizinga ilikuwa juu ya miti, risasi zikaipiga wakatoka na hasira wakauma watu, tena wa pande zote mbili, na ndo maana mpaka leo watu wanaiita vita ya nyuki. Lakini kijana akaenda mbali akasema Wajerumani waliwafuga makusudi wakawafungia kamba za kuwaachia, huo uvumi ulikuwepo tangu enzi hizo na Waingereza waliupenda kwa sababu ni rahisi kusema umepigwa na mdudu kuliko kusema umepigwa na askari mweusi aliyelala nyuma ya tuta la reli anakusubiri. Nikamuuliza mbona Lettow hakuwa na zaidi ya watu elfu moja hivi na kashinda, akanijibu tena nyuki! Nikanyamaza.

Ukweli ni kwamba vita ilishapotea tangu ile tarehe 2 wakati wanasubiri jibu na kufagia bahari, na yeye mwenyewe katueleza vizuri bandarini, sasa anafika kwenye reli anasahau alichosema saa mbili nyuma. Askari waliotoka India walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wengine hawajawahi kupigana vita ya namna hii, wakaingizwa kichakani bila mtu wa kuwaonyesha njia. Tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka wakaacha bunduki 455, rashasha 16 na risasi 600,000, maana yake Lettow aliyekuwa na shida ya silaha kaletewa mpaka mlangoni na akaendelea kuzunguka nchi mpaka alipoweka silaha chini Abercorn (sasa Mbala, Zambia) Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza.

Makaburini tulipita mbio sana, dakika chache tu kisha maji ya kunywa kisha kwaherini. Kuna askari wetu waliokufa pale, kuna Wahindi, na wapagazi hawakutajwa hata kidogo ziara nzima, hao ndo waliobeba vita yote mgongoni miaka minne. Nimemwambia hilo kijana, kasema atalifanyia kazi. Hakukasirika, nampa maua yake kwa hilo.

Bei ni elfu 40 kwa kichwa, maji na kofia ni juu yako, jua la Tanga unalijua. Kama unafikiria Dar kuna kitu kama hiki cha Astraea na lile gati linaloelea ambalo Wajerumani walilizamisha mlangoni mwa bandari, mi sijakiona, anayejua aseme hapo chini.

Nampa nyota tatu na nusu. Nenda, ila mwambie mapema kabisa akae bandarini muda mrefu, na kwenye reli muulize kuhusu rashasha kabla hajaanza na mizinga ya asali.