The Hunger Games, tulivyoisoma Mikindani tukibangua korosho

Vitabu vitatu vya The Hunger Games nilivinunua vya mtumba Dar es Salaam, vikaja Mtwara kwa basi vimefungwa kwenye kiroba cha unga. Suzanne Collins alivitoa 2008, 2009 na 2010. Wenzangu walishavisahau, mimi ndiyo kwanza naanza.

Nia yangu ilikuwa mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, apate mazoezi ya Kiingereza. Ikaishia mimi ndiye ninayesoma na kutafsiri kwa sauti, jioni, uani kwetu Mikindani, yeye akibangua korosho, vidole kavipaka majivu mafuta ya ganda yasimuunguze.

Nchi inaitwa Panem. Ina makao makuu yanayokula na kusaza, na wilaya 12 zinazoyalisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18, jumla 24, wauane mbele ya kamera abaki mmoja. Katniss, wa miaka 16, kutoka wilaya 12, ya makaa ya mawe, anajitolea kwenda badala ya mdogo wake. (Mwanzoni nilitafsiri "mkoa". Binti akakataa: mkoa una mkuu wa mkoa, hawa hawana wa kumlilia. Tukabaki na wilaya, ingawa nayo ina mkuu wake.)

Watu husifia mapigano. Mimi kilichonikamata ni nafaka. Familia yenye njaa inaweza kuchukua nafaka na mafuta ya mtu mmoja ya mwaka mzima, na malipo yake ni jina la mtoto kuingia mara moja zaidi kwenye droo ya kifo. Mwaka ukiisha jina halitoki, linazidi kurundikana. La Katniss limo mara 20, la rafiki yake Gale mara 42. Binti akaweka jiwe chini.

"Mama mdogo, kwa hiyo wanakopa chakula, rehani ni wao wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na wa makao makuu hawakopi."

Halafu kuna mkate. Rue, mtoto wa miaka 12, anatoka wilaya 11, ya kilimo, ambako watu wanavuna chakula wasichoruhusiwa kula. Anapouawa, Katniss anampamba kwa maua, na watu wa kwao Rue, wasio na kitu, wanamchangia Katniss mkate, mtu ambaye si wa kwao. Hapo sauti ilinikatika. Nikalitazama sinia letu: korosho nzima zimetengwa za kuuza, vipande ndivyo vya kwetu.

Collins anasimulia kwa wakati uliopo tangu mwanzo hadi mwisho, na Kiswahili kinaupokea vizuri: navuta upinde, naachia, nakimbia. Ilikuwa kama kusikiliza mtangazaji wa mpira. Kilichonichosha ni mapenzi. Peeta, mvulana aliyetolewa pamoja na Katniss, au Gale, Gale au Peeta. Binti alikuwa anadai nirudie, mimi natamani kuruka. Kitabu cha pili nacho kinajikokota mpaka karibu nusu.

Cha tatu wengi hawakipendi kwa sababu Katniss kachoka, haponi, na waasi wa wilaya 13, iliyodhaniwa iliteketezwa zamani, nao wanamtumia kama bango la matangazo. Kwangu ndicho bora kuliko vyote. Ndicho pekee kinachouliza aliyeshika silaha kwa niaba yako anataka nini.

Ila changu kilikuja bila kurasa za mwisho, zimeng'olewa kabisa. Muuzaji akanijibu kwamba mtumba haurudishwi. Siku nne binti alikuwa ananiamkia kwa swali moja tu, kama nimezipata, mpaka mwalimu mwenzangu akaniazima simu yake tukamalizia humo, maandishi madogo kama chawa.

Kuna kingine cha 2020, kinachomrudisha Rais Snow, mtawala wa Panem, kwenye ujana wake. Nimeshakiagiza. Safari hii nimemwambia muuzaji anitumie kwanza picha ya ukurasa wa mwisho.