Fidia ya fedha au shamba mbadala: bomba linapopita kwenye mikarafuu Pemba

Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 1992, lakini mwenye haki ya matumizi, akiwemo aliyerithi eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, anastahili fidia bomba linapochukua sehemu ya shamba lake. Fedha humpa wepesi wa kumaliza nyumba, ila hesabu ya mkarafuu hunitia wasiwasi: mti huo huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, ukaendelea kwa miongo mingi, hivyo bei ya msimu mmoja si thamani yake. Shamba mbadala huhifadhi urithi wa watoto, japo mavuno yanayokosekana katika miaka ya kusubiri miche ianze kuzaa lazima nayo yalipwe. Ningechagua shamba, mradi hati ya shamba hilo itolewe kabla ya mtaro wa bomba kuchimbwa.