Fundi wa Chikongola aliyerudisha sauti kwenye Dell yangu ya zamani

Kama una kompyuta ya mezani ya zamani hapa Mtwara na imepoteza sauti, usikubali kuambiwa "kadi ya sauti imekufa" na mtu ambaye hajaifungua wala kuijaribu. Nenda Chikongola, kwenye vibanda vya nyuma ya maduka ya vitenge, uulizie fundi wa kompyuta mwenye mlango wa bluu. Bango hana, ila wauza matunda wote wanamjua. Nampa nyota nne kati ya tano.

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti wananiletea mahojiano waliyorekodi Newala, Tandahimba na Nanyamba, nami nayaandika neno kwa neno. Humo mna wakulima wa korosho, wakunga wa jadi, na wazee wanaochanganya Kimakonde na Kiswahili, wengine kwa sauti ya chini kabisa huku jogoo anawika pembeni. Kompyuta isiyotoa sauti kwangu ni cherehani isiyo na sindano. Na simu haisaidii, kwa sababu nahitaji kurudisha nyuma sekunde tatu kwa kidole kimoja huku mikono imo kwenye kibodi.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 780, toleo la mwaka 2009, mtumba kutoka Dar. Duka moja la mjini lilinipigia Windows 7 upya, ikarudi nyumbani na X nyekundu kwenye alama ya spika. Niliporudi kulalamika nikaambiwa kadi ya sauti imeungua, na kwa kuwa imejengwa ndani ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, dawa ni kununua kompyuta nyingine. Ya kwao ilikuwepo, laki mbili na nusu. Kasha la kwangu halikufunguliwa hata skrubu moja. Iliniuma, maana hiyo laki mbili na nusu ni kazi ya usiku mwingi.

Huyu wa Chikongola alianza kwa maswali. Sauti ilipotea ghafla au baada ya kupigwa Windows? Natumia tundu la mbele au la nyuma? Kuna skrini yenye spika zake imeunganishwa? Nami nikamweleza la kwangu: humo ndani mna maneno ya watu waliosema kwa kuaminiana, siwezi kuiacha mashine ilale dukani. Hakununa. "Basi kaa hapo, mama, tuifanye pamoja," akanisogezea kreti ya soda.

Sasa hapa ndipo aliponivutia. Hakugusa Windows kabisa. Alichomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, akawasha kompyuta kutokea kwenye flashi hiyo, diski yangu ikabaki imelala. Akachomeka spika ndogo kwenye tundu la kijani nyuma ya kasha, akafungua jaribio la sauti. Ikasikika sauti ya mwanamke kushoto, halafu kulia, safi. "Umesikia? Kadi nzima hii. Kilichoharibika ni draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi."

Kwa jaribio hilo la dakika chache swali lote likawa limekwisha. Kadi ingekuwa imeungua kweli, Linux nayo ingekaa kimya. Kila fundi anaweza kufanya hivyo, flashi anayo mfukoni, na mteja akajua ukweli kabla hajatoa hata shilingi. Nashindwa kuelewa kwa nini wengine hawafanyi.

Ndipo akaiwasha Windows, akafungua orodha ya vifaa. Kwenye kifaa cha sauti palikuwa na alama ya njano. Akanionyesha namba ya utambulisho wake, iliyokuwa na VEN_11D4. Akaniambia herufi na tarakimu zinazofuata VEN zinamtaja mtengenezaji wa chipu, na hiyo ni ya Analog Devices. Kule dukani walikuwa wamelazimisha draiva ya Realtek, mtengenezaji mwingine wa chipu, ambaye namba yake huwa 10EC. Realtek ni nyingi kwenye kompyuta za zamani, kwa hiyo wengi wanaibandika tu bila kuangalia. Aliifuta na mafaili yake, akawasha upya, akachukua draiva sahihi kwenye tovuti ya Dell kwa kutumia zile herufi na namba saba za kibandiko kilicho kwenye kasha. Bando lilikuwa lake. X ikaondoka. Nikamfungulia rekodi ya bibi mmoja mwenye sauti nyembamba, nikaisikia pumzi yake kabla ya neno. Niliposema asante nadhani hata jirani yake fundi viatu alisikia.

Tundu la mbele ndilo lililobaki na shida. Naishi Shangani karibu na bahari, na upepo wa chumvi haubagui. Alipomulika kwa tochi ya simu tuliona rangi ya kijani kwenye vyuma vya ndani. Alisafisha kwa spiriti na kijiti kilichofungwa pamba, sauti ikaja upande mmoja, ukigusa waya inakwaruza. Angeweza kunidanganya kwamba imepona. Alisema vyuma vimelika, nitumie la nyuma, au kama sitaki kuinama kila mara ninunue kadi ya sauti ya USB. Nilinunua kwake kwa shilingi 10,000, baada ya kunichomekea nisikilize kwanza.

Kadi yenyewe niiseme kidogo, maana watu wananiuliza. Ni kidude kama flashi, kina tundu la kijani la hedifoni na la pinki la maikrofoni. Windows iliitambua yenyewe bila kutafuta draiva yoyote. Kwa kusikiliza maongezi inatosha kabisa. Ukiichomeka USB ya mbele kwenye mashine yangu kuna mvumo mdogo, ya nyuma imetulia, basi nimeweka waya wa kurefusha kutoka nyuma hadi mezani. Maikrofoni yake inarekodi mkondo mmoja tu, kwa hiyo mwenye kwaya anayetaka kurekodi kushoto na kulia asiitegemee. Plastiki yake nyepesi, usiivute kwa waya. Na kama sauti haitoki, angalia kwenye mipangilio umechagua kifaa kipi, kwa sababu sasa kompyuta ina viwili.

Ufundi alinitoza 15,000. Nyota moja nimeikata kwa mambo haya. Risiti hatoi, na mimi wateja wangu wananidai karatasi. Aliniandikia kwenye ukurasa wa daftari nilipomsihi. Simu hapokei akiwa kazini, inabidi ufike. Hana jenereta, umeme ulikatika katikati ya kazi tukakaa tunapunga hewa kwa maboksi mpaka uliporudi. Na kibanda ni chembamba mno, ukija na mtoto mmoja wenu atasimama nje juani.

Kabla sijaondoka aliniambia Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, nisiitumie kuingilia benki wala barua pepe. Tumekubaliana nirudi aweke Linux pembeni yake, kwa kuwa tumeshaona sauti inafanya kazi humo. Amenitaka nihamishe rekodi zangu kwanza kwenye diski ya nje.

Ukienda, beba waya wa umeme wa kompyuta yako na hedifoni unazotumia kila siku, skrini anayo. Ijumaa hufunga mchana kwa sala, hurudi baada ya saa nane. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, hela ikishaingia mitaani, kibanda kinajaa redio na simu za watu wa vijijini, kwa hiyo wahi asubuhi.