Uzoefu wangu: programu ya oda na malipo kwenye agroveti yetu Nakuru

Tunauza mbegu, dawa na chakula cha mifugo hapa Nakuru, na mzigo mwingi huenda kwa maduka madogo ya Njoro, Molo na Subukia. Tulipofungua tawi la pili, daftari na kundi la WhatsApp vikalemewa. Oda zilikuwa zikizama chini ya picha za harusi. Ndipo tukaanza kulipia programu hii kila mwezi. Inapokea oda, inaipeleka stoo, inaandaa ankara na kulinganisha malipo ya M-Pesa.

Kwenye malipo ndipo imejilipia. Mteja akilipa kwa Paybill, yaani namba ya M-Pesa ya biashara, programu husoma namba ya akaunti aliyoandika na kufunga ankara yake. Lakini watu huandika wapendavyo: "unga", "Mama Mkubwa", wengine jina la dereva. Programu haimjui Mama Mkubwa. Keshia wetu anamjua. Kwa hivyo kila mteja alipewa namba yake fupi, inayochapishwa juu ya ankara, na malipo yasiyotambulika hukaa kwenye orodha ambayo keshia huipitia kabla ya kufunga duka. Ukinunua programu ya aina hii, uliza kama inatambua kila malipo kwa ule msimbo wa muamala wa M-Pesa. Mtandao ukisuasua, taarifa moja inaweza kuja mara mbili, na bila msimbo huo utahesabu pesa ambazo hujapokea.

Ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), zinatoka zenyewe. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliki KRA wakati wa kukokotoa kodi, kwa hiyo wenye maduka huidai hata kabla gunia halijashushwa.

Penye ugumu ni deni. Kijana aliyekuja kutuwekea programu aliuliza, "Nani anaidhinisha mteja kukopa?" Wafanyakazi watatu wakataja watu watatu. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Ilibidi tukae chini: meneja wa tawi ana kiwango chake, kinachozidi kinaletwa kwangu, na nisipopatikana ndugu yangu anaamua. Bila huyo wa tatu, lori lingekuwa linalala limepakiwa likisubiri nishike simu.

Keshia aliogopa kwamba kazi yake inachukuliwa, tukamkabidhi yeye mamlaka ya kubadilisha hatua na ujumbe. Ule wa "Mpendwa mteja, salio lako limepitwa na muda" aliufuta siku hiyo hiyo. Sasa unasema, "Habari yako mzee, ile ankara ya wiki jana bado iko." Huo watu huujibu.

Bei hupanda kwa kila mtumiaji unayeongeza, na huduma kwa wateja ni ya barua pepe tu, tena kwa Kiingereza. Naipa nyota nne. Ya tano wataipata dereva aliye huko juu Molo akiweza kuthibitisha mzigo umefika bila mtandao.