Mama kauliza sosi ina nini, kajibiwa "hapa si Forodhani"

Jina la mkahawa silitaji, sina haja ya kumharibia mtu riziki. Lakini hasira ninayo mpaka leo na sitaificha.

Mama yetu katimiza miaka 60 karibuni hapa. Ni mtu wa Wete, Pemba, samaki kamjua kabla ya kujua skuli. Mdogo wangu akashauri safari hii tusimpikie pilau nyumbani, tumpeleke Mji Mkongwe kwenye mkahawa wa Kijapani, ule wa visahani vidogo vidogo: vinaletwa kimoja kimoja, vinawekwa kati, kila mtu anadokoa. Mama akafurahi. Kula kwa kushirikiana si jambo geni kwetu, sote tumekulia kwenye sinia.

Na nilipiga simu kabla. Nikauliza nguruwe, nikauliza na pombe ndani ya chakula, maana najua huko Japani mikahawa ya namna hii watu huenda kunywa kwanza, visahani vinaandamana na kinywaji. Nikajibiwa, "Kila kitu halali, dada, msiwe na wasiwasi."

Tukaenda bila wasiwasi. Mwanzo ulikuwa mzuri: edamame, zile soya mbichi za kwenye maganda, zimechemshwa na kutiwa chumvi, kisha gyoza za kamba, vile vitu kama sambusa ndogo za unga laini. Ikaja yakitori, mishikaki ya kuku iliyopakwa sosi nyeusi inayong'aa. Mama akala mmoja, akaupenda, akamwita mhudumu kwa upole wake wote: "Mwanangu, utamu huu mmeutia kwa nini?"

Kijana yule, ambaye hata kumwamkia mama tulipoingia hakumwamkia, alikuwa akielekea meza ya wageni. Hakusimama. Akasema kwa bega, "Bibi, hapa si Forodhani."

Meza nzima ikanyamaza. Nilipomwita arudi, akaniambia sosi ni siri ya jikoni.

Hebu nifahamisheni, Forodhani, pale bustanini pwani ya Mji Mkongwe panapouzwa vyakula usiku, kuna aibu gani? Mchoma mishikaki wa Forodhani ukimuuliza kilichomo atakwambia, na ukikaa naye kidogo atakutajia na aliyemuuzia nyama. Mtu mzima kauliza anachotia tumboni mwake, siku ya furaha yake, anaambiwa kama kwamba kaingia pasipokuwa pake. Katika mji wake! Tangu hapo sikuona kizuri. Taa zao zikaniudhi, muziki ukaniudhi, na vile vijiti nikavisukuma kando.

Nikainuka mwenyewe nikaenda jikoni, maana jiko lao liko wazi. Na hapa lazima niwe mkweli: mpishi ni mtu mwengine kabisa. Kijana wa hapa hapa, akafuta mikono, akaja mezani, akasema "Shikamoo mama," akaeleza bila kuzungukazunguka. Sosi ile wanaiita tare: ni sosi ya soya, sukari, sake na mirini. Sake ni pombe ya mchele. Mirini nayo ni ya mchele, tamu, na ile halisi ina kilevi cha kiasi cha asilimia 14.

Mama akaweka mshikaki chini. Hakusema kitu, akaomba maji.

Mhudumu naye, badala ya kuomba radhi, akadakia kwamba pombe ikipita motoni inaruka yote. Si kweli. Wizara ya kilimo ya Marekani ilishatoa vipimo: chakula kikichemka na pombe kwa dakika 15 hubaki kama asilimia 40 ya kilevi, na hata baada ya saa nzima hubaki kama asilimia 25. Na hata ingeruka yote, anayeamua ale au asile ni mama, si yeye.

Kilichonichoma zaidi ni alichosema mpishi baadaye. Mishikaki hiyo hiyo ya kuku Wajapani wenyewe huipika kwa njia mbili, kwa tare au kwa shio, yaani chumvi tupu. Kumbe tungeulizwa tu: sosi au chumvi? Jambo zima lingekwisha hapo, na mama angeendelea kula. Menyu yao ina alama ya jani kwa wasiokula nyama, ina alama ya pilipili kwa wasiostahamili ukali, lakini alama ya pombe hamna. Visiwani hapa, ambapo karibu watu wote ni Waislamu! Mgeni asiyekula nyama kafikiriwa, mwenyeji hakufikiriwa.

Mpishi akatupikia upya: kuku wa chumvi, na pweza wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu. Wallahi pweza yule sijapata kumla mfano wake, laini bila kuwa tepetepe, harufu ya makaa imeingia mpaka ndani. Mama akamuuliza alivyompata vile, kijana akasema kamsugua kwa chumvi muda mrefu kabla ya kumchemsha. Mama naye akamwambia kwao pweza hupigwa jiweni, wakaongea pale mpaka watu wakawa wanamngoja jikoni. Hapo nikaanza kulegea, nikasema labda ni mhudumu mmoja tu aliyekosa malezi, mkahawa wenyewe si mbaya.

Ikaletwa bili. Mishikaki ya mwanzo imo, yote, pamoja na ile ambayo mama hakuigusa. Na juu yake asilimia 10 ya huduma. Huduma ipi? Meneja akanijibu kwamba chakula kikishafika mezani kinalipiwa, na la kwenye simu hakutaka hata kulisikia. Nimelipa, kwa sababu mama alininyooshea mkono nisigombe siku yake.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kwa ajili ya mpishi. Nimetoa moja, na naomba yeye aisome na ajue si yake. Akihama, akafungua hata kibanda chake, nitampeleka mama wiki hiyo hiyo. Nyinyi mtakaokwenda hapo, ulizeni "tare au shio" kabla hamjavua viatu, na huduma ya asilimia 10 ikataeni mapema.