Sommerhus ya pwani ya Denmark: chukua ndogo, ya zamani, ya mbao

Kwenye pwani ya magharibi ya Jutland, kuanzia Blåvand hadi Løkken, nyumba za kiangazi zimejificha nyuma ya matuta ya mchanga. Aliyesimama ufukweni huona majani na anga tu. Akipanda tuta na kutazama upande wa bara ndipo mapaa yanapojitokeza moja moja, kila moja kwenye bonde lake. Sheria ya Denmark inalinda ukanda wa pwani dhidi ya ujenzi, na mahali pengi mstari huo unafika mita 300 kutoka ufukweni. Upepo nao ulikuwa umeshawafundisha wajenzi wa kale wasijenge kileleni.

Wadenmark wenyewe huziita sommerhus. Zilianza kuenea kwa watu wa kawaida baada ya sheria ya likizo ya mwaka 1938 kuwapa wafanyakazi wiki 2 za mapumziko yenye malipo, na leo ndiyo njia rahisi ya familia kukaa karibu na bahari ya kaskazini. Hukodishwa kwa wiki, mara nyingi Jumamosi hadi Jumamosi, kupitia makampuni kama Novasol na Sol og Strand au moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Unaingia alasiri, unatoka asubuhi, na katikati hakuna mhudumu, hakuna kifungua kinywa, hakuna wa kutandika kitanda.

Hukumu yangu naitoa mapema. Nyumba ya kukodi si ile ya mita za mraba 200 yenye bwawa la kuogelea ndani. Ni ile ya mita 60 hadi 80, iliyojengwa miaka ya 1960 au 1970, mbao ndani na mbao nje. Kubwa ya kisasa ni nyumba ya mjini iliyohamishiwa kwenye mchanga: vigae vyeupe, taa za darini, sofa ya ngozi. Ndogo ya zamani ilijengwa kwa ajili ya chumvi, mchanga, nguo mbichi na watoto wanaoingia na kutoka mara arobaini kwa siku, na uzuri wake wote unatoka hapo.

Anza na mlangoni. Nyumba nzuri ina chumba kidogo cha kuingilia chenye benchi, vigingi vya kutundikia makoti na sakafu ya matofali au vigae. Mchanga unabaki hapo. Pasipo chumba hicho, mlango ukafunguka moja kwa moja sebuleni, mchanga utaishia kwenye nafasi za sakafu na kuikwaruza kama msasa. Tazama ramani ya nyumba kwenye tangazo kabla ya kutazama picha ya machweo. Bomba la nje la kuoshea miguu ni faida nyingine. Lisipokuwepo, weka karai la maji chini ya ngazi ya baraza na taulo kuukuu juu yake.

Kuta na dari ni mbao za msonobari zilizosimamishwa wima, zinazoingiana pembeni. Mara nyingi hakuna dari ya kati: unainua macho na kuona boriti hadi kilele cha paa, ndiyo maana chumba cha mita 25 hakikubani. Msonobari usiopakwa kitu huanza mweupe, ukageuka njano, na baada ya miaka 20 au 30 ukawa na rangi ya asali iliyokolea. Wenye nyumba wengi siku hizi wanaupaka rangi nyeupe ili mwanga uzunguke. Hapo kuza picha uangalie macho ya mbao, yale mafundo yalipotokea matawi. Yakionekana kama madoa ya chai juu ya weupe, mpakaji aliruka hatua ya kuyaziba kwa vanishi maalumu, na utomvu umepenya hadi juu. Doa lenyewe halimdhuru mpangaji, lakini dalili ya mvua ni mawingu: aliyeharakisha ukuta huenda aliharakisha pia bafu na paa.

Sakafu nzuri kuliko zote ni ya mbao iliyosuguliwa kwa sabuni, bila vanishi. Inakuwa na weupe wa mfupa na ulaini unaousikia kwa nyayo. Namna ya kuitunza ni hii: fagia kwanza, kavu kabisa, kwa sababu mchanga ukilowa utaburuzwa na kitambaa. Changanya mililita 125 za sabuni ya maji ya sakafu kwenye lita 5 za maji ya vuguvugu. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji safi ya kusuuzia kitambaa. Pangusa kwa kufuata urefu wa mbao, na usimalizie kwa maji matupu. Ule utando mwembamba wa sabuni unaobaki ndio ngao ya mbao. Wapangaji huiharibu kwa sabuni kali ya jikoni inayovua utando huo, wakadhani wameisafisha. Mazulia huwa ya vitambaa vilivyofumwa kwa mistari, mepesi, ya kukung'utwa nje kila asubuhi. Zulia nene lenye manyoya halina kazi mita mia tatu kutoka baharini.

Samani katika nyumba iliyotulia ni chache na zimekaa miaka mingi. Kiti utakachokikuta mara nyingi ni J39, alichokibuni Børge Mogensen mwaka 1947 kwa ajili ya ushirika wa FDB ili watu wa kipato cha kawaida wapate kiti imara: miguu ya mbao ya mviringo, mgongo wa ubao mmoja uliopindwa, na kikalio kilichosukwa kwa kamba ya karatasi iliyopotwa. Msuko wake si mgeni kwa aliyekulia kwenye kitanda cha kamba. Kamba hiyo inabeba uzito bila shida, ila usiikalie na nguo ya kuogelea iliyolowa, maana huingia madoa na hulegea. Juu ya meza hutundikwa taa, mara nyingi PH 5 ya Poul Henningsen ya mwaka 1958, chini kiasi cha sentimita 60 kutoka usawa wa meza. Mgeni huiona iko chini mno. Kaa, utaelewa: balbu haionekani machoni kwa mtu yeyote aliyeketi, mwanga unatua kwenye sahani na mikono, na kingo za chumba zinabaki na giza laini. Asiyejua huivuta juu na kuua chumba kizima.

Vyumba vya kulala ni vidogo mno, kama kabini za meli, mita za mraba 5 au 6. Hapa matangazo yanadanganya bila kusema uongo. "Watu 6" maana yake ni kitanda kimoja cha wawili, kitanda cha ghorofa chenye upana wa sentimita 70 hadi 75, na magodoro mawili juu ya roshani ya ndani inayopandwa kwa ngazi ya wima. Roshani hiyo haina kimo cha mtu mzima kusimama, na joto la chini lote hupanda huko. Ni pepo ya mtoto wa miaka 9; kwa bibi mwenye magoti ni adhabu. Kanuni ya kuaminika: watu wazima 4 wachukue nyumba ya watu 6, na waulize upana wa kila kitanda kwa sentimita.

Shuka na taulo hazimo kwenye bei isipokuwa zimeandikwa, na vipimo ni vya Kidenmark. Duveti ya Denmark ni sentimita 140 kwa 200, na kila mtu ana yake hata kwenye kitanda cha wawili. Mto ni 60 kwa 63, karibu mraba, hivyo foronya uliyotoka nayo Ujerumani au Uingereza haitakaa. Mapazia nayo ni mepesi au hayapo, na mwishoni mwa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Vitenge viwili vya rangi nzito na vibanio vya nguo vinatatua tatizo kuliko kifaa chochote.

Jikoni, kwa msomaji anayepika kwa kweli, kuna jambo moja la kuuliza kabla ya kulipa: jiko ni la kioo cha kawaida au la induksheni? Sufuria ya alumini, ile yetu isiyo na mshikio, haipati joto kabisa kwenye induksheni kwa sababu sumaku haiishiki. Sufuria za nyumba huwa chache na ndogo, za kutosha viazi vya watu 6, si pilau ya watu 10. Leta yako, na uijaribu kwa sumaku ya friji: ikinasa chini, itapika. Samaki wabichi wa bandari ya Hvide Sande wanafaa kuchomwa nje kwenye jiko la mkaa, maana msonobari hunywa harufu na ukikaanga ndani utalala nayo wiki nzima. Mkaa nunua mwenyewe. Kadhalika karatasi za choo, vidonge vya mashine ya kuoshea vyombo, vichujio vya kahawa, chumvi na vitambaa vya kufutia. Nyumba hukabidhiwa tupu, na Jumamosi jioni foleni ya duka la karibu ni ya watu waliosahau vitu hivyo hivyo.

Jiko la kuni ndilo roho ya sebule, hata Julai. Mara nyingi ni la chuma cha kuyeyushwa, dogo, la Morsø ya Denmark au Jøtul ya Norway, viwanda ambavyo vyote viwili asili yake ni mwaka 1853. Liwashe kutoka juu: magogo mawili makubwa chini, vijiti vikavu vilivyopishanishwa juu yake, kiwashio juu karibu na kilele, na matundu yote ya hewa wazi. Moto unashuka polepole, dohani inapata joto mapema, na moshi unaungua badala ya kurudi chumbani. Kioo kikiwa cheusi baada ya saa moja, ama kuni ni mbichi ama umebana hewa mapema. Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma tu, yakae nje mbali na ukuta. Kaa linaweza kuishi humo zaidi ya siku nzima, na majani ya matuta pamoja na mapaa ya matete huungua haraka sana.

Nje, hesabu mabaraza. Upepo wa pale hutoka magharibi siku nyingi, upande uleule wa bahari, kwa hiyo nyumba yenye baraza moja tu la kutazama machweo haikaliki siku nne kati ya saba. Tafuta yenye baraza pande mbili, moja likiwa mashariki au kwenye kona iliyozibwa kwa ukuta wa mbao. Mbao zikiwa na ukijani, ni mwani. Zikilowa zinateleza kama sabuni. Na matuta msiyachimbe wala kuyakata njia mpya: ile nyasi ngumu ndiyo inayoushika mchanga usiifukie nyumba.

Kasoro kubwa ya nyumba hizi za zamani ni unyevu. Nyingi hufungwa miezi ya baridi, kuta za nje zikapoa, na mvuke ukageuka matone nyuma ya makabati na chini ya magodoro. Ukifika, inua godoro, fungua kabati la kona, nusa. Uvundo mwepesi unaisha ukifungua madirisha yanayotazamana kwa dakika 10, mara tatu kwa siku, huku pampu ya joto ikiwa kwenye nyuzi 20. Madoa meusi ya ukungu hayaishi hivyo. Piga picha na uripoti siku hiyo hiyo, kwa sababu mikataba mingi ina muda mfupi wa malalamiko.

Umeme, na mara nyingine maji, hulipwa juu ya kodi kwa kusoma mita. Andika tarakimu kabla hujawasha kitu, na piga picha yake. Hapa nyumba yenye bwawa hukuumiza pasipo kujua: kupasha maji na kukausha hewa ya chumba cha bwawa hula mamia ya uniti kwa wiki, hata asipoogelea mtu. Nyumba ndogo ina tangi la maji moto la lita 60 hadi 100, hivyo watu watano hawawezi kuoga mfululizo. Pisheni nusu saa.

Kuhusu majira, Julai ni ghali na imejaa. Wiki mbili za kwanza za Septemba ndizo ninazozipa alama za juu: bahari bado ina joto lililokusanywa kiangazi kizima, bei imeshuka sana, na usiku una giza la kutosha kuwasha mshumaa dirishani. Usafi wa mwisho unaweza kuununua au kuufanya mwenyewe. Ukiufanya, nyumba ya mita 70 inahitaji watu wawili kwa saa tatu, mkianza na vyumba vya kulala na kumalizia chumba cha mlangoni, oveni na kichujio cha mashine ya vyombo vikiwemo, kwa kuwa hivyo viwili ndivyo vinavyosahaulika na kutozwa kwenye amana. Mita isome mara ya pili kabla ya kurudisha ufunguo kwenye kisanduku.