Fundi wa gimbali wa Chake Chake: vidole kwanza, kompyuta baadaye

Kama una droni, gimbali yake (kile kifaa chenye mota kinachoibeba kamera na kuituliza) inakusumbua na uko Pemba, usipande boti kwenda Unguja kabla hujapita Chake Chake, upande wa Machomanne, kwa fundi wa simu na redio ambaye siku hizi anatengeneza na droni. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi kuandikwa mitandaoni, lakini kibanda chake hakijifichi. Uliza fundi wa droni, hata watoto wa skuli watakupeleka. Nimeridhika na kazi yake kiasi cha kutaka kuieleza yote, maana mengi aliyoyafanya mtu anaweza kuyafanya nyumbani akishaelewa sababu yake.

Yangu ni droni ya kuunga mwenyewe, mikono minne, fremu ya milimita 450, na chini yake gimbali ya mihimili mitatu inayobeba GoPro. Bodi inayoiendesha gimbali ni STorM32. Naitumia kupiga resi za ngalawa, na mara nyingine mashamba ya mwani maji yakitoka. Picha za namna hii hazisamehe kitu. Upeo wa bahari uko pale nyuma muda wote, na ukilala hata kidogo kila mtu anauona, hata asiyejua droni ni kitu gani.

Ugonjwa ulikuwa wa aina tatu. Bahari ilikuwa inalala upande, tena si siku zote upande ule ule. Betri ikiwa imejaa, gimbali ililia mlio mwembamba wa kukera masikio, kisha ikanyamaza yenyewe baada ya kuruka kidogo. Na picha ilikuwa inacheza kama faluda. Karakana moja ya Unguja ilikuwa imeshaishika kabla. Ikanambia mota ya kuinamisha kamera imekufa ninunue nyingine, na kwa wakati ule ikanipandishia nambari kwenye programu ili mota ipate nguvu. Nguvu ilipata, na ikawa ya moto hata haishikiki.

Fundi wa Chake hakugusa kompyuta. "Itoe betri, yakhe," ndiyo kauli yake ya mwanzo. Akaiweka droni juu ya vibao viwili ili gimbali ining'inie huru, akahakikisha kamera ina betri yake, kadi imo, filta imevaliwa na waya wa picha umechomekwa. Kamera inapimwa ikiwa vile vile itakavyoruka. Ukiipima bila kadi na bila filta umepima kamera nyingine.

Halafu akaielekeza mbele kwa kidole kimoja, akaiachia. Kamera ikainamisha uso taratibu mpaka ikatazama meza. Akairudisha, ikainama tena.

"Mota hii ni nzima," akasema. "Imechoka kubeba tu."

Hapa ndipo nilipomwamini. Mota ya gimbali haina gia wala breki. Kazi yake ni kuisahihisha kamera kidogo kidogo bila kusita, kila mara kihisi cha mwendo kinapoiambia bodi kwamba kamera imeondoka mahali pake. Uzito usipokaa katikati ya mhimili, mota inamaliza nguvu zake kuushikilia ule uzito. Inapata moto, na upepo wa kusi ukipiga haina akiba ya kupambana nao. Ukipandisha nambari kwenye programu unaificha ile kasoro, na mota ndiyo inayolipa.

Kilichoilemea ni filta ya giza ninayoivalisha lenzi kwa ajili ya jua la mchana. Ni gramu chache, lakini kamera yenyewe haifiki gramu 100, na filta inakaa mbele kabisa, mbali na mhimili. Fundi akalegeza skrubu, akaisogeza kamera nyuma mpaka nafasi ikaisha, bado inainama. Akafungua mtoto wa meza, akatoa chubwi, zile zile za mshipi wa kuvulia. Akaigonga kwa nyundo mpaka ikawa bapa, akaikata kwa mkasi vipande vyembamba, akavibandika nyuma ya kibao cha kamera kwa gundi ya pande mbili. Anaongeza kipande, anaachia, anaangalia. Anapunguza kwa ncha ya mkasi, anaachia tena. Hakuwa na haraka hata kidogo, na mimi nilivuta kigoda nikakaa.

Jambo ambalo sikuwahi kuliona likielezwa vizuri ni hili: kamera kutulia ikitazama mbele haitoshi. Yeye aliielekeza chini, akaiachia, akaielekeza juu, akaiachia. Ukiipeleka chini ikarudi mbele yenyewe, uzito uko chini ya mhimili. Ukiipeleka kidogo tu nayo ikakimbilia chini yenyewe, uzito uko juu ya mhimili. Kamera iliyokaa sawa hubaki popote ulipoiacha, kila pembe.

Alipomaliza mhimili wa kuinama akaenda wa kulala ubavu, kisha wa kugeuka kushoto na kulia. Utaratibu ni huo, kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu ukihamisha kitu kwenye kamera umebadilisha uzani wa mihimili yote inayoibeba. Mhimili wa kugeuka huwezi kuupima droni ikiwa imekaa wima. Aliinamisha droni nzima ubavuni ndipo mkono wa gimbali ukaonyesha unaelemea wapi.

Kwenye huo mhimili tukakuta kitu kingine. Kushoto kamera ilitulia, kulia ilirudi. Uzito haufanyi hivyo. Aliyekuwa akisukuma ni waya wa picha, mnene na mgumu, unajikunja kama unataka kurudi umbo lake. Akauondoa, akaweka nyaya nyembamba zenye ganda laini la silikoni, akauacha mzunguko wa kulegea na kuufunga karibu na pale mhimili unapozungukia. Wenye gimbali za kuunga, angalieni waya kabla ya kulaumu bodi. Beringi nazo alizipima, kwa kuzungusha kila mota polepole karibu na sikio, akitafuta chumvi na mchanga. Zilikuwa safi.

Faluda ilikuwa na chanzo chake peke yake, na nilipenda kwamba hakuichanganya na mengine. Kihisi cha picha ndani ya kamera kinasoma mstari kwa mstari, hakisomi picha yote kwa pamoja, kwa hiyo mtetemo wa haraka wa mota za droni unaipinda mistari. Gimbali hairekebishi mtetemo wa namna hiyo, inarekebisha mwinamo. Mtetemo unazuiwa na vile vipira vinne vinavyoitenganisha gimbali na fremu. Vyangu vilikuwa vigumu mno, vya kubebea kamera nzito zaidi, kwa hiyo vilikuwa vinaupitisha mtetemo moja kwa moja. Akaweka laini, akapitisha na uzi wa mshipi kama usalama, kipira kikichomoka gimbali isiende baharini. Kisha akatoa propela moja moja, akaipitisha kwenye msumari mwembamba ulionyooka, ubawa mzito ukashuka, akabandika selotepu kwenye ule mwepesi mpaka propela ikalala sawa.

Kompyuta ikafunguliwa sasa. Nambari zilizopandishwa Unguja akazishusha, na mota ikawa ya vuguvugu tu baada ya kukaa imewashwa. Mlio wa betri iliyojaa nao akaueleza vizuri. Betri yangu ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6, na ikitumika inashuka kuelekea 11. Bodi inaendesha mota kwa umeme wa betri hiyo hiyo, kwa hivyo nambari zilizowekwa betri ikiwa nusu zinakuwa kali betri ikiwa imejaa, na mota inaanza kulia. Akaweka betri iliyojaa, akapangia hapo, na kwenye programu akawasha kipengele cha kufidia volti. Mlio umekwisha.

Kuhusu bahari kulala, kwanza alikilaza kibao cha kamera kwa pimamaji halisi, ile ya waashi, akasawazisha kihisi cha mwendo hapo. Halafu akaniuliza gimbali huwashwa wapi. Kwenye resi za ngalawa droni mara nyingi inarushwa kutoka chomboni. Akatikisa kichwa. Gimbali ikiwashwa, kwa muda mfupi inajifunza kutulia ni nini. Ikiwa juu ya chombo kinachoyumba, inaushika ule mwendo kama ndio utulivu, na picha nzima inaanza na kosa. Ndiyo maana ulalo haukuwa upande mmoja siku zote. Akaipa gimbali betri yake ndogo na swichi yake. Unaiwasha pwani, juu ya kitu kisichotikisika, unangoja taa ya kijani iache kumweta, ndipo unaingia nayo chomboni ikiwa imewaka. Akaongeza kwamba ikitoka kwenye gari lenye baridi iachwe kivulini kwanza ipate joto la mahali, kwa sababu kihisi kinabadilika joto likibadilika.

Nimeirusha kwenye resi, kusi likivuma hasa, na upeo umenyooka ulivyotakiwa. Kasoro iliyobaki alinitajia mwenyewe kabla sijalipa: droni ikikata kona kwa kasi, bahari inainama kidogo kisha inarudi. Kihisi cha bodi hakiwezi kutofautisha msukumo wa kona na mvutano wa ardhi. Nakata kona taratibu.

Alinitoza shilingi 40,000, vipira na nyaya ndani. Kwangu ni bei ya haki, na ni chini sana ya mota mpya niliyokuwa nimeambiwa ninunue. Yasiyonipendeza yapo. Hatoi risiti. Alisema ningeichukua jioni, nikaichukua kesho yake baada ya alasiri, na simu hapokei akiwa kazini. Kibanda ni chembamba na kiko karibu na barabara, vumbi linaingia. Ningependa afunike meza akiwa amefungua beringi. Chipu za bodi habadilishi, anakwambia waziwazi.

Wenye droni zilizokuja tayari, zile ndogo za kukunja, nao anawapokea, lakini kazi yake kwao ni fupi. Anatoa kifuniko, anaangalia mchanga na nyasi, anachunguza waya bapa unaoiunganisha kamera na droni, anaendesha usawazishaji wa droni yenyewe juu ya meza iliyolala. Uzani wa gimbali hizo umeshapangwa kiwandani, hakuna cha kusogeza, ndiyo maana anazikataa filta zisizo za modeli hiyo. Waya bapa ukiwa umekatika, uje nao mpya mkononi.

Na atakuuliza kibali. Mimi aliniuliza kama droni imesajiliwa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla hajashika bisibisi, na nilifurahi kuulizwa, maana uwanja wa ndege uko hapo hapo Chake na si kila anayerusha analifikiria hilo.

Nenda asubuhi. Ijumaa hafungui mpaka baada ya sala. Chukua kila kitu kinachoruka na kamera, filta, kadi, waya, na betri iliyojaa, la sivyo atakurudisha nyumbani ukavichukue.